Comedy Central, TBS na wenzao: marudio ndiyo yaliyoua chaneli za vichekesho za kebo, au ndiyo yaliyozifikisha hapa?

#1 Antena Mbovu
Habari za jioni wakuu. Hoja yangu ni fupi: chaneli ya vichekesho ya kebo ikishaanza kuishi kwa marudio ya vipindi vya wengine, imekwisha. Mfano ni Comedy Central ya Marekani. The Daily Show 1996, South Park 1997, Chappelle's Show 2003, The Colbert Report 2005, Key & Peele 2012, Broad City 2014. Kote humo walikuwa wanatengeneza wenyewe na watu wanaongea. Miaka hii ya karibuni fungua ratiba yao: The Office kutwa nzima, Seinfeld, Parks and Recreation. Mwaka 2020 wakafuta Tosh.0 na Drunk History, na zote mbili zilikuwa zimeshaahidiwa misimu mingine. Nani alaumiwe?

#2 Bisi Mkononi
Siti ya mbele nimewahi. Endeleeni.

#3 Dishi Futi Sita
Antena, historia umeianzia katikati. Hiyo chaneli imezaliwa na marudio. HBO walifungua The Comedy Channel Novemba 1989, Viacom wakajibu na Ha! tarehe 1 Aprili 1990. Ha! ilikuwa sitikomu (vichekesho vya kuigiza vya nusu saa) za zamani asubuhi hadi usiku. The Comedy Channel ilikuwa vipande vya filamu na vya wachekeshaji wa jukwaani, katikati wanawekwa watangazaji wa kuunganisha. Kampuni za kebo zilikuwa na nafasi chache za chaneli, hazikutaka kubeba mbili za aina moja, na zote mbili zikawa zinavuja hela. Tarehe 1 Aprili 1991 zikaunganishwa kwa jina la CTV, Juni mwaka huohuo likawa Comedy Central.

Miaka ya mwanzo walijaza ratiba kwa Saturday Night Live za zamani, na kuanzia 1994 wakaleta Absolutely Fabulous kutoka Uingereza. Kipindi chao chenye jina enzi hizo kilikuwa Mystery Science Theater 3000, kilichoanzia kituo kidogo cha Minneapolis mwaka 1988: mtu mmoja na vikaragosi wanakaa kuisema filamu mbovu ya zamani. Kipindi kipya, malighafi makapi.

Kwa hiyo unaposema "walianza kutegemea marudio", walianza lini? Walianza siku ya kwanza.

#4 Chumvi Nyingi
Tuache lawama, tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, si za chaneli yoyote.

Kipindi chako mwenyewe: dola 800,000 kwa episodi, episodi 10 kwa msimu, jumla milioni 8. Kila episodi ukiirusha mara 6 kabla watu hawajaichoka, una mirusho 60. Gawanya: mrusho mmoja umekugharimu dola 133,000 na ushee.

Marudio: leseni dola 200,000 kwa episodi, episodi 150, jumla milioni 30. Inaonekana nyingi, lakini mkataba ni wa miaka 4 na unaruhusu kila episodi irushwe mara 40. Hiyo ni mirusho 6,000, wastani wa minne kwa siku. Mrusho mmoja ni dola 5,000.

Sasa kumbuka siku ina nafasi 48 za nusu saa, mwaka mzima nafasi 17,520. Msimu wako wa episodi 10, hata kwa mirusho yote 60, umejaza nafasi 60 tu. Zilizobaki 17,460 utaweka nini?

Ndiyo maana sokoni wanapenda kipindi kilichofika episodi 100 hivi. Ukikirusha Jumatatu hadi Ijumaa, episodi moja kwa siku, unakwenda wiki 20 bila kurudia. Chini ya hapo mtazamaji wa kila siku anaanza kuona ileile mapema mno, na bei inashuka.

#5 Kipusa wa Nyali
Hesabu tamu Chumvi, lakini umehesabu mfuko mmoja. Chaneli ya kebo ina mifuko miwili. Wa kwanza ni matangazo. Wa pili ni ada ambayo kampuni ya kebo inailipa chaneli kila mwezi kwa kila nyumba iliyojiunga, iwe nyumba hiyo inaitazama au haiitazami.

Siku ya kujadili mkataba mpya wa ada, kampuni ya kebo inauliza swali moja: nikikuondoa, mteja atanipigia simu kulalamika? Kwa Seinfeld hapigi, maana ataipata kwingine. Kwa South Park mpya au The Daily Show anapiga. Kipindi cha kwako ndicho kinachokupa sauti mezani. Kwenye safu ya matangazo kinaonekana hasara, faida yake inaandikwa kwenye safu ya ada. Ukikifuta ili kubana matumizi, mwaka wa kwanza vitabu vinapendeza. Maumivu yanakuja mkataba ukiisha.

#6 Antena Mbovu
Kipusa hapo umenifungia kazi. Naunga mkono hoja yangu mwenyewe.

#7 Bisi Mkononi
Jamani, mtu anajipigia makofi hadharani 😂

#8 Dishi Futi Sita
Kipusa yuko sahihi nusu. Nusu nyingine ni TBS, chaneli nyingine ya kebo ya Marekani. Hao mwaka 2004 walijitangaza rasmi kuwa chaneli ya kuchekesha, na nguzo zilikuwa marudio matupu: Seinfeld, Friends na wengineo. Novemba 2010 wakamleta Conan O'Brien na kipindi chake cha mazungumzo saa tano usiku, Septemba 2011 wakaanza kurusha marudio ya The Big Bang Theory. Mpango ulikuwa wazi: panga episodi kadhaa za Big Bang mfululizo jioni, watu wakishakaa, kipindi kipya kinarithi waliobaki kwenye kochi. Hapo marudio ndiyo yanayobeba kipindi kipya mgongoni.

Huu mtindo una kasoro yake. Waliorithiwa ni wapenzi wa sitikomu ya vicheko vya studio. Ukiwawekea baada yake kitu cha ajabuajabu kama Angie Tribeca au Search Party, wanabadili chaneli ndani ya dakika tano, na wale ambao wangekipenda hawakuwepo tangu mwanzo kwa sababu hawakai kutazama Big Bang. Ndipo unasikia "vipindi vipya havina watu". Watu wapo, ila umewaalika kupitia mlango usio wao.

Aprili 2022 Warner Bros. Discovery wakasimamisha uandaaji wa vipindi vipya vya kuigizwa TBS na TNT. Full Frontal ya Samantha Bee nayo ikakatwa mwaka huohuo.

#9 Mzee wa Betri
Mmesahau njia ya tatu, inaitwa kumi-tisini. Nawawekea hatua:

1. Unatengeneza episodi 10 za majaribio kwa bei ya chini.
2. Chaneli inazirusha. Mkataba unataja kiwango cha watazamaji kinachotakiwa.
3. Kikifikiwa, chaneli inalazimika kuagiza 90 zaidi kwa mpigo. Hakuna kikao cha "tufikirie msimu ujao".
4. Episodi 90 zinarekodiwa kwa kasi, seti zilezile, waigizaji walewale, mbili kwa wiki si jambo la ajabu.
5. Ndani ya miaka miwili hivi una 100 na unakwenda nazo soko la marudio.

Maana yake kipindi kinatengenezwa kikiwa tayari kimekusudiwa kuwa marudio. Waliofungua njia ni Tyler Perry na House of Payne: 2006 kikajaribiwa kwa episodi 10 kwenye vituo vya miji michache, TBS wakaagiza 100 kwa dola milioni 200, kikaanza kwao Juni 2007. FX, chaneli nyingine ya kebo, wakafuata na Anger Management ya Charlie Sheen, 2012 hadi 2014, episodi 100 kamili.

Inapoharibika: Saint George na Partners, zote za FX mwaka 2014, ziliishia kwenye kumi za kwanza. Episodi 10 ni mzigo usiouzika popote, zinajaza wiki mbili tu. Na hata ukifuzu, mwandishi anayetoa hadithi mbili kwa wiki hana muda wa kurudia rasimu. Ukitazama tano mfululizo unaona mzaha uleule umebadilishwa shati.

#10 Chumvi Nyingi
Mzee wa Betri umeshusha nondo. Ila naongezea: faida ya pale ni umiliki. Anayejitengenezea kwa fedha zake anabaki na mali. Comedy Central ilipokuwa inanunua leseni ya Scrubs au Futurama, siku mkataba unaisha inabaki mikono mitupu.

#11 Mwana Tanga
Katuni ya Futurama ndiyo inayovunja hoja ya post namba 1. Fox waliiacha 2003. Adult Swim, safu ya usiku ya katuni za watu wazima, wakawa wanairusha usiku wa manane, DVD zikauzika. 2008 Comedy Central wakachukua haki za marudio, na filamu nne zilizotoka kwenye DVD zikakatwa kuwa episodi 16. Marudio yalipopata watu, wakaagiza mpya kabisa, zikaenda 2010 mpaka 2013. Family Guy nayo ilifutwa 2002, ikaanza Adult Swim 2003, Fox wenyewe wakairudisha 2005.

Yaani marudio ndiyo pailoti (episodi ya majaribio) ya bei rahisi kuliko zote: unapima watazamaji kwa kitu ambacho mwingine ameshalipia.

#12 Antena Mbovu
Mwana Tanga, hivyo ni viwili kati ya mamia, na vyote ni katuni. Mwigizaji wa katuni unamrudisha kwenye kibanda cha kurekodia na sauti yake ya miaka kumi iliyopita. Sitikomu ya watu halisi ikikaa miaka mitano kabatini, seti imevunjwa, mtoto wa kwenye familia ana ndevu, na kila mwigizaji ana mkataba kwingine.

#13 Kipusa wa Nyali
Halafu kuna hili: vipindi na watu wao wazuri waliondoka. Politically Incorrect ya Bill Maher ilianza pale 1993, 1997 ikaenda ABC. Mystery Science Theater ikahamia Sci-Fi mwaka huohuo baada ya kufutwa. Chappelle aliondoka 2005 katikati ya matayarisho ya msimu wa tatu. Colbert alimaliza Desemba 2014, 2015 akakaa kiti cha David Letterman kwenye kipindi cha usiku cha CBS. Chaneli ya kebo inalea, wengine wanavuna. Ukishafanyiwa hivyo mara nne, na wewe utanunua The Office ambayo haiwezi kuacha kazi.

#14 Chumvi Nyingi
"The Office ambayo haiwezi kuacha kazi", hii naiweka kwenye saini yangu.

Kuna tofauti nyingine hamjaigusa. Vipya havifanani kimaisha. Kipindi cha habari za siku kama The Daily Show ni usiku nne kwa wiki, kinapikwa asubuhi kinaliwa usiku, wiki mbili baadaye hakina soko. Michezo mifupi kama Key & Peele inakatika vipande na kuishi vizuri mtandaoni, ila mtandaoni karibu nusu ya hela inabaki kwa mwenye jukwaa. Sitikomu na katuni ndizo zinazozeeka vizuri. South Park wanaitengeneza episodi moja ndani ya wiki moja, lakini mzaha wa watoto wanne shuleni haujachuja hata pale habari iliyoizaa imesahaulika.

Kwa hiyo "vipya vimekufa" inategemea vipya gani. Comedy Central waliwekeza sana kwenye vile visivyorudiwa.

#15 Fundi Sauti
Nimeusoma uzi wote hamjagusa kitu mtazamaji anachokiona: marudio mnayotazama si kipindi kilekile.

Sitikomu ya miaka ya 60 ilikuwa dakika 25 na zaidi ndani ya nusu saa. Miaka ya 90 ikawa 22. Leo chaneli ya kebo inataka matangazo mengi zaidi ya hapo. Kuna njia tatu za kuipata nafasi.

Ya kwanza, kukata. Msambazaji anatoa nakala maalumu ya soko la marudio. Kinachoondoka kwanza ni kipande cha mwisho baada ya tangazo la mwisho, kisha hadithi ndogo ya pembeni. Dalili: mhusika anataja kitu mwishoni ambacho hukuwahi kukiona kikianza.

Ya pili, kubana majina ya waigizaji na watengenezaji yanayopita mwishoni kwenye robo ya skrini huku kipindi kingine kimeshaanza.

Ya tatu, kuharakisha. TBS waligundulika wanairusha Seinfeld kwa kasi ya asilimia 7.5 zaidi. Piga hesabu: dakika 22 ni sekunde 1,320. Gawanya kwa 1.075 unapata 1,228. Umeokoa sekunde 92, yaani matangazo matatu ya nusu dakika. Mashine inapunguza fremu na kubana sauti bila kuipandisha, ndiyo maana hawasikiki kama panya. Kinachoumia ni ukimya. Mchekeshaji anasema, ananyamaza, anageuka. Ule unyamavu ndio mzaha wenyewe, na ndio unaobanwa.

Namna ya kupima: chukua DVD ya episodi hiyohiyo, anzisha saa kwenye neno moja, simamisha kwenye neno jingine la mbali ndani ya tukio lilelile, bila tangazo katikati. Ukipimia tukio zima na mwanzo wake utadanganyika, maana huenda wamekata pia.

#16 Mwana Tanga
Kumbe! Na kukata vichwa kwenye hizi za HD?

#17 Fundi Sauti
Hilo ni jambo tofauti, wengi wanayachanganya. Picha ya zamani ni 4:3 (upana kwa kimo), runinga ya sasa 16:9. Ukiijaza skrini bila kuivuta, unapoteza robo nzima ya urefu wa picha, juu na chini. Seinfeld ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, hivyo walipoichanganua upya walipata kidogo pembeni, ila juu na chini pamepungua vilevile. Katika episodi ya shimo barabarani, shimo lenyewe limebaki nje ya picha. Netflix walipoiweka 2021 watu wakapiga kelele, lakini mikato hiyo ilikuwepo kwenye kebo zamani.

The Simpsons ndiyo mbaya zaidi kwa sababu episodi zake za zamani zilichorwa kwa 4:3, pembeni hakuna kitu cha kuongeza. FXX walipofanya mfululizo wa episodi zote 552 Agosti 2014, siku 12 mchana na usiku, ule mzaha wa matangi matatu ya bia ya Duff yanayolishwa na bomba moja ulipotea. Bomba liko juu, picha imekatwa hapohapo.

#18 Bisi Mkononi
Bisi zimeisha, naongeza. Swali la mtu wa kawaida: hii Comedy Central yetu ya DStv ni ileile?

#19 Dishi Futi Sita
Jina lile, ratiba nyingine. Ya Afrika ilianza 2011. Haki za kuonyesha zinauzwa kwa eneo, kwa hiyo Viacom wakinunua Seinfeld kwa Marekani hawajanunua kwa Dar wala Nairobi. Ndiyo maana unakuta kwao inaonyeshwa hiki, kwetu kile, na hakuna hujuma yoyote.

Vya kwao vya hapa vilikuwa vichache na vya tukio. Usiku wa kumchana mtu maarufu jukwaani: Steve Hofmeyr mwaka 2012, mwongozaji akiwa Trevor Noah, na AKA mwaka 2019. Rekodi moja ya ukumbini unaitangaza wiki kadhaa, unairudia, unaikata vipande. Kwa chaneli ndogo hiyo ndiyo njia rahisi ya kuwa na kitu cha kwako bila kulisha waandishi mwaka mzima. Zilizobaki ni za kuagiza. Na Noah mwenyewe Septemba 2015 akaenda kukalia kiti cha The Daily Show.

#20 Antena Mbovu
Turudi kwenye mada. Mimi bado namlaumu mwenye chaneli. Viacom walinunua nusu ya chaneli iliyokuwa ya wenzao, wenye HBO, mwaka 2003 kwa dola bilioni 1.225. Tangu hapo Comedy Central ikawa idara tu.

#21 Chumvi Nyingi
Hapo umegusa kitu, ingawa unakilaumu vibaya. Mwenye chaneli nyingi ananunua marudio mara moja anayasambaza. Mkataba wa Seinfeld wa 2019 ulikuwa wa Comedy Central, Paramount Network na TV Land kwa pamoja, kuanzia Oktoba 2021. Gharama ya mrusho kwenye hesabu yangu ya post namba 4 inazidi kushuka. Tatizo linakuja palepale: chaneli tatu zinafanana, na kampuni ya kebo inauliza kwa nini ilipe ada tatu.

Hatari ya pili: bei imefungwa, watazamaji hawajafungwa. Ukisaini miaka mingi wakati nyumba zenye kebo ni nyingi, zikipungua unaendelea kulipa kilekile.

#22 Kipusa wa Nyali
Sasa mtu anisaidie South Park muiweke wapi. Imetengenezwa na chaneli, inajaza ratiba kama marudio, na 2019 haki zake za mtandaoni zikauzwa kwa HBO Max, huduma ya mshindani. Julai 2025 Paramount (ndiyo Viacom ya zamani) wakakubali kulipa dola bilioni 1.5 kwa miaka mitano ili ikae kwenye huduma yao ya mtandaoni, pamoja na oda ya episodi mpya 50. Hela ya kutengeneza ipo. Imehama chumba. Mimi naona hakuna aliyeamua kuua vipya vya kebo, bajeti ilihamishiwa mtandaoni na kebo ikaachiwa mabaki.

#23 Mzee wa Betri
Kipusa, mtandaoni nako wanapigania marudio yaleyale. Friends dola milioni 425, The Office milioni 500, miaka mitano kila moja. Bajeti ilihama ikakutana na marudio mlangoni.

#24 Mwana Tanga
Na pale muuzaji na mnunuzi ni ndugu? Big Bang ni ya Warner Bros., TBS ni yao.

#25 Mzee wa Betri
Hapo mwenye asilimia ya faida ndiye wa kukaa macho. Studio ikiuza kwa chaneli dada kwa bei ya chini, hela inabaki ndani ya nyumba na mgawo wa mwigizaji unapungua. Mwigizaji David Duchovny aliishtaki Fox mwaka 1999 kwa hoja hiyo, kuhusu The X-Files aliyoigiza kuuzwa FX, chaneli dada. Waliyamaliza nje ya mahakama. Siku hizi mawakili wanadai kifungu cha bei ya soko: kuuza ndani kuwe kwa bei ambayo mtu wa nje angelipa.

#26 Fundi Sauti
Ongezeni na muziki. Studio ya zamani ililipia wimbo kwa miaka michache, kwa runinga tu. WKRP in Cincinnati ya 1978 ni kuhusu kituo cha redio, nyimbo zipo kila tukio. Leseni zilipoisha, kwenye marudio zikabadilishwa na muziki wa kununua kwa jumla, na pale wahusika walipokuwa wanaongea juu ya wimbo, mazungumzo nayo yakafunikwa.

#27 Bisi Mkononi
Fundi, kwa hiyo kwenye nakala ya marudio nitajuaje wimbo umebadilishwa kama sijawahi kuona ya awali?

#28 Fundi Sauti
Sikiliza kicheko cha watazamaji chini ya wimbo. Kama studio haina tena sauti zikiwa zimetenganishwa, mazungumzo na muziki viko kwenye mkondo mmoja, hivyo wakifuta wimbo wanafuta na kila kitu kilichokuwa juu yake. Utasikia kicheko kinakatika ghafla wimbo unapoingia, na kinarudi kikiwa na mwangwi tofauti. Au sauti ya mhusika inabadilika kwa sentensi mbili tu, halafu inarudi. Hapo wamemweka mtu mwingine aigize.